Friji la Saada

Nani duniani huazimisha friji? Hilo ndilo swali nililopaswa kujiuliza siku ile, ila mimi nilishika kushukuru tu.

Mama yangu, Bi Thuraiya, huu mwaka wa tatu hainuki kitandani. Ubavu mmoja umekufa. Hapa Gando mimi nalima mwani, na bamvua likiingia, maji yakatoka mbali, lazima niende. Mama nilikuwa nikimwacha peke yake ndani, ufunguo nikauacha kwa jirani yangu Saada. Mwezi wa Rajabu mama alianguka, akalala sakafuni mpaka adhuhuri huku sisimizi wakimtambaa. Saada ndiye aliyemkuta, akamnyanyua, akamwosha. Siku hiyo nililia kifuani mwake, nikasema huyu si jirani, huyu ni dada yangu.

Basi sheha, mkuu wa mtaa wetu, alipotangaza posho ya serikali kwa wanaouguza watu wao majumbani, tulijiandikisha pamoja, mimi na mama yangu, yeye na mkwewe kipofu. Posho hiyo ingeniwezesha kukaa nyumbani na mama. Sikutaka kingine. Lakini ilikuwa ya masikini tu, na kila nyumba ingekaguliwa kwanza.

Asubuhi ya ukaguzi Saada akaja na mkokoteni. Kapakia feni, makochi mawili, zulia, seti ya vikombe, na friji.

"Mgeni wa serikali huyo, Moza," akasema. "Weye wataka umkalishe mkekani, umnyweshe maji ya mtungi? Mama'ko mtu wa ukoo, usimwaibishe."

Alijua pa kunishika. Sisi tumelelewa hivyo: dhiki ni yako na Mola wako, na mgeni hupewa kilicho bora hata kiwe cha kuazima. Mama alipoliona zulia alitabasamu kwa upande wa mdomo uliobaki mzima.

Bwana Abdulsamad, mkaguzi kutoka Chake, alikaa kochini akanywa sharubati baridi ya ukwaju huku akibonyeza kishikwambi chake.

"Friji linafanya kazi vizuri?"

"Vizuri sana, alhamdulillahi," nikajibu. Mjinga mimi, nilidhani anaisifu sharubati.

Kutoka kwangu akaenda kwa Saada. Huko akakuta mkeka.

Ijumaa baada ya sala majina yakasomwa skulini mbele ya shehia nzima. La Saada lilikuwamo. Langu halikuwamo. Nikasimama kuuliza, naye Bwana Abdulsamad akasoma friji, feni, makochi, zulia. "Kaya hii inajiweza," akamaliza.

Sikubabaika, maana mwenye vitu nimekaa naye jamvi moja. "Vile vya kuazima," nikasema. "Ni vya Saada. Saada, waambie."

Sheha akamgeukia. "Bi Saada, ni vyako?"

Saada akauvuta mtandio wake, akatazama vidole vya miguu yake. "Hata, Sheha. Miye friji n'talipata wapi?"

Nusu ya waliokuwapo wamewahi kununua barafu kutoka kwenye friji lile. Hakuna aliyefungua mdomo, maana kila mmoja alikuwa na chake alichokificha. Hapo ndipo akili iliponijia. Saada hakuleta vitu kwangu ili mgeni astarehe. Alivitoa kwake visionekane. Mgeni njoo mwenyeji apone, wamesema. Kweli, mwenyeji mmoja kapona. Nilikaa chini, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mkono ule ule ndio uliomwosha mama.

Baada ya alasiri Saada akaja na mkokoteni wake, kwa mlango wa uani.

"Shoga, n'samehe. Majina yalikuwa machache," akasema. "Kesho bamvua. Wende zako mwani, Mama n'takutazamia kama siku zote."

Neno nilikuwa nalo ulimini: vitu gani, na wewe huna? Lakini mama alikuwa akisikiliza, na anampenda Saada. Nikafungua mlango wote, nikakaa pembeni akibeba kimoja kimoja.

"Mbona wavitoa?" mama akauliza. "Mgeni haji tena?"

"Haji, mama," nikamjibu.

Kesho yake nilimtandikia mama mkeka sakafuni, nikamlaza hapo ili asiwe na pa kuanguka. Nikamwekea maji karibu na mkono wake mzima. Kisha nikafunga mlango, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikapita mbele ya mlango wa Saada bila kubisha hodi.