Nyoka wa Nyumba ya Radisav

Mbayuwayu waliokuwa wamerudi chini ya paa walipiga kelele isiyo ya furaha. Milunka aliacha kupalilia vitunguu, akasikiliza. Kisha akatazama ukuta wa mawe. Tangu theluji iyeyuke, mijusi walikuwa wakiota jua pale kila asubuhi. Leo hapakuwa na hata mmoja.

Chini ya ukuta huo, juu ya blanketi, alikaa mjukuu wake Ognjen, ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza.

"Mama," mkwewe Jagoda aliita. Alikuwa amesimama na beseni la nguo upande wa pili wa ua. "Nyoka. Hapo karibu yako."

Milunka alisogea polepole na jembe lake. Katikati ya majani mapya aliona mgongo wa kahawia ukiteleza kuelekea blanketi. Kichwa hakikuonekana.

"Piga basi, mama!"

"Ngoja. Huenda ni wetu."

"Wetu! Mtoto wangu yuko pale, wewe unatafuta ukoo wa nyoka?"

Kila nyumba kijijini ilikuwa na nyoka wake chini ya kizingiti, mrefu, mpole, asiyeguswa. Wazee walisema anayemuua atamzika mwenye nyumba kabla ya mwaka kwisha. Na mwenye nyumba yao, mumewe Radisav, alikuwa kitandani tangu Krismasi, kifua kikimkoroma. Milunka alimwona nyoka wao kila majira ya kuchipua tangu alipokuja kuolewa, na alimjua kwa kichwa chake laini. Wa kuogopwa ni kipiri, nyoka wa sumu mwenye kipembe puani na madoa mgongoni. Lakini majani yalificha kichwa, na madoa ya mgongoni, kama yalikuwepo, yalichanganyika na vivuli.

Ognjen alicheka, akanyoosha mkono kwenye majani yanayotikisika.

Dirisha likafunguka. Radisav alisimama pale, shali begani, akaliona jembe limeinuliwa na kubaki hewani. Alielewa.

"Milunka, unangoja nini?"

"Sijaona kichwa."

"Piga, mwanamke! Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Huyo hata meno hajaota."

Jembe likashuka. Jagoda alitupa beseni, akaja mbio na kumnyakua mtoto, akawa anamgeuza huku na huku, miguu, mikono, shingo, mtoto akilia kwa hasira. Milunka alipiga tena, na tena, mpaka majani yakatulia.

Hakuinama mara moja. Alimtazama kwanza mumewe dirishani, kana kwamba angeweza kuanguka papo hapo. Ndipo akayapangua majani kwa ncha ya jembe.

Kipembe kilikuwepo.

"Si wetu," alisema. Akakaa chini kwenye blanketi.

"Hata angekuwa wetu," Radisav alijibu, akakohoa kwa muda mrefu. "Haya, mleteni mtoto ndani. Baridi hiyo."