Gamba la Tupa

Kila asubuhi, kabla Mjomba, mfua visu, hajawasha tanuri, mimi hufagia chini ya mashine ya kusagia chuma. Kisha huzungushia sumaku kitambaa na kuipitisha juu ya vumbi, na unga wa chuma huruka na kuganda kwenye kitambaa kama manyoya ya paka aliyekasirika. Nazipenda dakika zile. Hakuna anayenisemesha, wala sina deni la kumjibu mtu.

Asubuhi ile nilikuwa bado nimechutama na sumaku mkononi, mara kisu kikatupwa juu ya meza ya kazi kwa kishindo.

"Chukueni kijiko chenu!"

Alikuwa Bucha, mwenye duka la nyama mtaa wa nyuma. Jina la kuzaliwa analo, ila hata mkewe humwita Bucha.

Mjomba alitokea uani na kikombe cha chai. "Salamu kwanza, bwana. Hata wanaokuja kugombana hupiga hodi."

"Salamu utapewa na kisu chako. Mwanzoni kilikuwa wembe, nyama inajikata yenyewe kwa woga. Siku hizi nakinoa alfajiri, jua likichomoza tu nasugua, sikati. Jana mteja kaniuliza kama ng'ombe namuuza au namkanda mgongo."

Mjomba alicheka, lakini alikichukua. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, akaacha kucheka.

"Unakinoa na nini? Ngazi za nyumba?"

"Na jiwe ulilonipa wewe mwenyewe!"

Waliendelea kurushiana maneno, nami nikakivuta kisu kimyakimya na kukipeleka dirishani. Karibu na mpini, mahali ambapo jiwe halifiki vizuri, makali yalikuwa bado yanang'ata kucha. Katikati, ambapo Bucha alikuwa amenoa hadi kisu kikapungua upana, makali yalikuwa yamejikunja. Kwa hiyo kosa halikuwa la mkono wa Bucha. Kadiri alivyonoa kwenda ndani, ndivyo alivyokutana na chuma kingine.

Nikageuka kutazama meza ya pili. Hapo vilipangwa visu vya Mpishi, mama aliyepika miaka mingi katika majiko ya watu wengine na sasa anafungua la kwake. Vilikuwa vinasubiri mipini tu. Vyote vilifuliwa kutokana na tupa zilezile zilizozaa kisu cha Bucha, tupa kubwa nzito za kusugulia chuma, ambazo Mjomba alizipata kwa muuza vyuma chakavu akafurahi kama aliyeokota dhahabu.

Kufunga mipini ni kazi yangu. Kupiga msasa na kufagia pia. Lakini anayechagua chuma ni Mjomba, na kwa muuza vyuma huenda peke yake. Siku ya kwanza nilipotaka kumfuata aliniambia, "Hiyo si kazi ya mgeni, mwanangu. Anayechagua chuma lazima awepo siku kisu kitakaporudi na lawama." Watu wakimuuliza habari zangu, huwajibu kwamba nimemaliza chuo, nilisomea nini sijui, vyuma vyuma, na nipo kwake kidogo nikisubiri ofisi. Mimi huinamisha macho. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama kweli nasubiri ofisi. Nami, kwa aibu zangu, sijawahi kukanusha, ingawa usiku wote niliokesha na vitabu vile chuoni nilikuwa nakiwaza chumba hiki.

"Mjomba," nikasema. "Tuvunje tupa moja."

"Tuvunje nini?"

"Tupa. Katika zile zilizobaki."

"Umeota nini leo, Injinia?" Akiniita Injinia, ujue ananitania na ananiogopa kidogo. "Zile nimezipima zote, moja baada ya nyingine. Cheche zilichanua kama maua."

"Nilikuwepo. Zilichanua kweli, kama za chuma kigumu."

"Basi?"

"Ulipima juu. Nataka tupime na ndani."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. Nikiongea na watu huwa najikwaa. Nikiongea kuhusu chuma, ulimi hupata njia. Mjomba alinitazama, akaweka kikombe chini, akaelekeza kidevu kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani.

Nilianza na tupa yake kuukuu, iliyoisha meno, ya siku alizokuwa kijana. Nikaibana, nikaifunika gunia ili vipande visituruke usoni, nikaipiga nyundo. Ilikatika mara moja, kavu, kama biskuti. Ndani yake palikuwa na rangi moja ya kijivu kutoka ukingo hadi ukingo.

Kisha nikabana ile mpya. Nikapiga. Gunia likashuka, lakini hakuna kilichokatika. Nilipolifunua, tupa ilikuwa imeinama. Juu ya mgongo wake palipasuka nyufa nyembamba, kama tope lililokauka, na chini ya nyufa hizo chuma kilikuwa kimevutika tu.

"Hii ni tupa au ndizi?" Bucha akauliza.

Nilikwenda nayo kwenye mashine, kwenye kona tulipotundika turubai ili pawe na giza la kutosha kuona cheche. Nilipogusisha uso wa tupa, cheche zikapasuka matawi matawi, nzuri, zile zile zilizomfurahisha Mjomba. Nikaendelea kusaga mahali pale pale. Maua yakapungua. Yakabaki machache, halafu yakaisha kabisa, na kilichotoka kikawa nyuzi ndefu, tupu, zisizo na tawi. Cheche za chuma laini, cha kutengenezea madirisha.

Nilihisi pumzi ya Mjomba begani kwangu.

"Gamba," alisema polepole. "Wamekipika juu tu, ndani kimebaki laini."

"Gamba," nikakubali. "Makali ya kwanza yalikuwa ndani ya gamba, ndiyo maana yalikata. Bucha amenoa mpaka gamba limekwisha."

"Kumbe nina mkono mzuri!" alisema Bucha.

"Una mkono mzuri," Mjomba akamwambia, "na mdomo mbaya. Nitakufulia kingine."

Alisimama mbele ya visu vya Mpishi. Vilikuwa vizuri, siwezi kusema uongo. Mgongo umenyooka, tumbo limeshuka kwa upole, muhuri wa Mjomba umekaa sawasawa karibu na shingo. Nilijua kazi iliyoingia humo, kwa sababu kila jioni nilimwona akikanda bega lake.

Bucha alishusha sauti. "Lakini yule mama hatajua mapema. Na ana haraka. Mpe hivi, akirudi utaona."

"Yeye hatajua. Mimi nimeshajua."

Mjomba akavikusanya vyote kwa mikono miwili na kuvimwaga kwenye pipa la chakavu. Kelele yake ilinichoma moyo. Alivaa kofia, akatoka hadi mlangoni, kisha akageuka.

"Unangoja mwaliko wa kadi? Vaa viatu."

Muuza vyuma chakavu ni mwanamke mnene, mcheshi, anayekaa siku nzima kwenye kiti cha mbele cha gari ambalo sehemu zake nyingine aliziuza zamani. Alipotuona alipunga mkono bila kuinuka.

"Tupa zako zimenivua nguo," Mjomba akamwambia.

"Pole, shemeji. Mimi nauza kwa kilo, sipasui matumbo. Leo nina kitu kitakufuta machozi." Akavuta bati la chuma kisichoshika kutu, limeng'aa mpaka nikajiona pua. "Tazama. Mpishi atajipodolea humo."

Mjomba hakulishika bati. Aliniangalia mimi.

Nilihisi joto masikioni, lakini macho yangu yalikuwa yameshaanza kutembea kwenye lundo. Nilimfikiria Mpishi. Alituambia kwamba hunoa mwenyewe kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, na kwamba kisu kizito atakitumia kwenye mifupa. Kisu cha mifupa hakihitaji ugumu wa majivuno, kinahitaji chuma kinachovumilia kipigo. Nikapita bati linalong'aa. Nikavuta springi bapa ya lori, yenye kutu, nikaikung'uta kwa nyundo na kusikiliza. Ililia kwa sauti ndefu. Nikaikagua kuzunguka tundu la katikati, maana nyufa hupenda kuanzia hapo, nikaweka alama ya chaki ya pa kukatia, mbali nalo pande zote mbili. Kwa visu vyembamba vya mboga nilichagua pete nene ya beringi. Nikaomba msumeno, nikachanja vyote viwili hadi ndani, nikavipima kwenye mashine ya pale, kichwa changu kikiwa chini ya koti la Mjomba ili nipate giza. Cheche zilichanua juu. Zikaendelea kuchanua ndani.

"Hivi," nikasema nilipotoka chini ya koti, nywele zikiwa zimesimama. "Springi kwa mifupa, beringi kwa mboga."

Mjomba aliipiga springi kwa ukucha, akaitikia kwa kichwa, akaanza kuitafutia kamba.

Muuza vyuma alikuwa ameshainuka kitini. "He! Na huyu ndiye yule mpwa anayesubiri ofisi?"

"Ndiye," Mjomba alisema huku akifunga fundo, hakuinua uso. "Yupo kwangu kwa muda tu, si unajua vijana wa chuo, hawa—"

"Mjomba."

Aliacha kufunga. Nilitamani kurudi chini ya koti. Nikaikamata springi kwa mikono yote miwili, ikanipaka kutu hadi kwenye viwiko.

"Hakuna ofisi ninayoisubiri," nikasema. "Nilisomea vyuma ili nirudi kwako. Nataka kufua visu. Nataka kuchagua chuma, na kikirudi kibaya, kinikute pale pale mezani. Siondoki, Mjomba. Sikuwahi kutaka kuondoka."