Sauti Zote za Midomo Kumi

Siku ile mjinga alikuwa yeye, wala asitafutwe mwingine wa kubebeshwa lawama. Mkwewe hakuwa na kosa, watoto wa ghorofani hawakuwa na kosa, na hata ile televisheni ya watu, aliyoifokea kana kwamba imemtukana, ilikuwa inafanya kazi vizuri tu.

Alishuka kwenye basi asubuhi, upande wa pili wa mpaka, kiuno kimekakamaa kwa safari ya siku mbili. Mkono mmoja begi la nguo, mkono wa pili begi zito zaidi, limejaa diski za katuni za Kijapani. Kwao walimwita Midomo Kumi. Kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyezitia katuni hizo sauti, na kwa kuwa kituo cha televisheni hakikuwa na uwezo wa kuajiri waigizaji, sauti zote zilikuwa zake: shujaa, adui wa shujaa, bibi wa shujaa, na farasi wa bibi. Mashine ya kurekodia ilishakufa zamani, kwa hiyo alifanya kazi moja kwa moja hewani, kila siku saa kumi jioni, ndani ya stoo iliyobandikwa magodoro na trei za mayai ili isipige mwangwi. Karatasi za tafsiri mapajani, mto kifuani wa kupiga ngumi wakati wa mapigano, maji ya uvuguvugu pembeni. Karatasi hazikuruhusiwa kuchakarika. Alijifunza kugeuza ukurasa kama mtu anayemfunika shuka mtoto aliyelala, ingawa mtoto wake mwenyewe mara nyingi alimkuta ameshajifunika.

Shujaa alikuwa kijana wa nywele za bluu, anazunguka dunia kumtafuta dada yake aliyegeuzwa korongo. Kila mwisho wa kipindi alipiga ukelele, "Vumilia, niko njiani!" Nchi nzima iliujua ukelele huo. Makondakta waliutumia, walimu waliochelewa waliutumia, na inasemekana hata bwana harusi mmoja aliutumia kwenye simu, akapona.

Kisha mambo yakabadilika, kituo kikahamia kwenye jengo la vioo, na Midomo Kumi akapewa cheti, saa ya ukutani na kupeana mikono. Nyumba ikawa kimya. Mkewe alishatangulia zamani, binti alishaolewa ng'ambo ya mpaka, na yeye akabaki akilijibu birika. Likianza kuzomea, analitisha kwa sauti ya adui. Mlango ukigoma, anaubembeleza kwa sauti ya bibi. Wiki moja, akiwa kwenye foleni ya mkate, akagundua kwamba hajasema na mtu tangu Jumapili, na hiyo Jumapili yenyewe alimwambia mtu mmoja "samahani" kwa kumkanyaga.

Kwa hiyo alipomwandikia binti yake kwamba anakuja kuwasalimia, hakuwa anakuja kuwasalimia. Alikuwa anakuja ili aambiwe "baba, baki." Kuliomba neno hilo mwenyewe alishindwa. Midomo kumi, na hata mmoja haukuthubutu.

Mkwe, fundi wa miwani, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio yuko wapi?"

"Kazini. Leo wana mashuka ya wodi nne, atarudi jioni."

Binti alikuwa mfuaji wa hospitali. Mjukuu, wa miaka sita, alikuwa ameshalikalia begi zito.

"Babu, humu mna nini?"

"Mahari yako, mchumba."

"Mbona nzito hivi?"

"Nimeanza kukuwekea kabla hujazaliwa."

Hapo ndipo ujinga wa siku ile ulipomwingia, ukavua viatu na kukaa. Aliwaza hivi: binti akirudi jioni akute sebule imejaa watoto wanapiga makofi, akute baba yake bado ni mtu, ataona mzee huyu ana faida nyumbani. Neno "baki" litamtoka lenyewe. Akamtuma mjukuu milango yote ya ghorofa kutangaza sinema ya bure.

Alasiri walikuja watoto saba. Watoto wenye adabu kweli: walivua viatu, walisalimia mmoja mmoja, walikaa mkekani kama wamekuja kuchanjwa. Midomo Kumi akaweka diski, akazima sauti ya televisheni, akajifunga mto kifuani kwa mkanda wa suruali, akasimama pembeni ya kioo. Karatasi hakuzihitaji tena, zote zilikuwa kichwani.

Akaanza. Upepo, kwanza, upepo aliutoa kwa meno. Halafu kwato. Halafu shujaa, halafu bibi anayemkanya shujaa, halafu farasi anayemuunga mkono bibi. Kwao, mahali hapa mtaa mzima ulikuwa unalipuka kwa vicheko. Watoto saba walimtazama yeye, kisha televisheni, kisha yeye.

Mmoja akanyoosha mkono. "Babu, kwa nini unaongea wakati wao wanaongea?"

"Wao hawaongei, bwana mkubwa. Ni mimi."

"Sasa wao wanafanya nini?"

Akacheka, akaendelea. Alipofika kwenye daraja la kamba, ambapo watoto wa kwao walikuwa wakifumba macho, wawili walikumbuka kwamba wameacha baiskeli chini. Kwenye mapigano aliupiga mto mpaka vumbi likatoka, na vumbi hilo likampa mtoto wa tatu sababu ya kukohoa na kutoka. Waliobaki waliaga, tena vizuri: "Asante, babu." Mjukuu alivumilia peke yake, mikono magotini, kwa huruma tu. Mwisho akanong'ona, "Babu, na mimi naweza kwenda?"

"Nenda, mchumba. Nitakusimulia."

Sebule ikabaki na mkeka. Angeweza kuzima. Mtu mwenye akili zake angezima. Lakini shujaa alikuwa bado anang'ang'ania kamba juu ya maji, na katika miaka kumi na tisa Midomo Kumi hakuwahi kumwacha bila sauti katikati ya kipindi. Akaendelea, bibi akalia, farasi akakoroma, sauti zote zikaenda zikagonga ukuta mtupu na kumrudia. Hapo ndipo alipoifokea televisheni. Kisha akamalizia, kwa pumzi iliyobaki, "Vumilia, niko njiani!"

Alipogeuka, binti yake alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Hakujua amefika saa ngapi.

"Umefika salama, baba," alisema. Akampokea ule mto, akaukung'uta dirishani, akaenda jikoni.

Walipokaa mezani kula, Midomo Kumi alikuwa ameshampata wa kumlaumu: nchi nzima.

"Watu wa huku mna mioyo ya friji," alisema. "Katuni ile ile! Kwetu iliwatoa watu machozi. Huku mtoto anakumbuka baiskeli."

Mkwe akacheka. "Baba, tusiisingizie mioyo. Hizo katuni zilikuja huku, nazikumbuka. Ziliwekwa saa nne asubuhi, wote tuko darasani. Na zilikuwa na maandishi tu chini. Mtoto wa miaka sita asome saa ngapi, aangalie saa ngapi?"

"Si mngezitia sauti?"

"Nani azitie? Hatukuwa na Midomo Kumi."

Mzee akakaa wima. "Eeh! Sasa unaongea."

"Halafu nyinyi mlikuwa na kituo kimoja. Sisi tulikuwa navyo vinne. Mtoto wenu akichoka ahamie wapi, kwenye redio, kwenye taarifa za mvua?"

"Ziko nchi zina vituo mia na bado wanazipenda kufa."

"Basi huko kuna kingine. Pengine vitabu vyake vya michoro vinauzwa mpaka dukani kwa muuza sigara. Kila nchi ilikutana nazo kwa mlango wake. Mimi utoto wangu ni mpira, na drafti. Mzee wangu akishafunga duka saa kumi, ubao uko mezani. Nikimfunga, anadai nilisogeza kete akipiga chafya."

"Visingizio!" Midomo Kumi alipiga meza, glasi zikaruka. "Kitu kizuri ni kizuri popote. Tofauti ni moyo wa kungoja. Watoto wetu walijua kungoja! Saa kumi kamili barabara tupu, nchi nzima, hata mbwa walishangaa. Huku hakuna mtoto aliyewahi kungoja kitu namna ile. Muulize mkeo. Mama yake alimwacha ana miaka saba, lakini saa kumi hakuikosa hata siku moja. Yuko mbele ya televisheni, mguu juu ya mguu, ananisikiliza."

Binti alikuwa anamkatia mjukuu nyama. Hakuinua kichwa.

Mzee akamgeukia. Alitaka aungwe mkono, kisha alitaka lile jambo lingine, lililomleta siku mbili kwenye basi. Na kwa kuwa sauti yake ya kawaida haikuwa na ujasiri wa kutosha, akaazima ile ya nywele za bluu, nyembamba, yenye kung'aa, ya kijana wa miaka kumi na tano:

"Vumilia, niko njiani! Unakumbuka? Haya, mwambie mumeo! Na je, shujaa akichoka kuzunguka dunia, kwenu hapa patapatikana pa kubaki?"

Mkwe alianza kucheka, akaona uso wa mkewe, akaacha. Binti akaweka kisu.

"Watoto wa huku hawakumngoja mtu wako, baba, kwa sababu saa kumi baba zao walikuwa wameshafika nyumbani," alisema. "Mimi nilikuwa najifungulia mlango kwa ufunguo wa shingoni, nawasha televisheni, nakaa nasikiliza watu kumi wakiniambia wako njiani. Huyo wa nywele za bluu mwambie kwangu nafasi hakuna. Baba yangu akija, akaniomba kwa mdomo wake, atabaki."