Nyundo Juu ya Ubao Mtupu

“Tangu lini unasoma mbio hivyo, bibi wee?”

Kidole changu kiliganda juu ya ukurasa. Mume wangu alikuwa amelala chali, macho yake yasiyoona tena yameelekea dari, na pembeni mwa mdomo kile kicheko chake cha kunikamata.

Mimi husoma kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe: neno, napumzika, neno tena. Ukurasa ule niliuteremka kama maji. Akajua papo hapo kwamba siusomi, ninautunga.

“Rudi nyuma,” akasema. “Nisomee alichoandika mwanangu.”

Kitabu kilikuwa cha binti yetu. Ameandika vingi, anasifiwa hadi redioni, na katika kila kimoja hukosi kumkuta baba mwenye moyo mgumu; mara ni seremala, mara mhunzi. Safari hii hakumficha. Baba wa kitabuni alikuwa fundi viatu, kama baba yake mwenyewe, na siku aliyomzika mtoto wake aliketi barazani akigonga nyundo mpaka jua likazama, bila chozi hata moja.

Hapo ndipo mimi nilipomtia machozi. Nikampa na leso.

Basi nikarudi. Nikasoma neno kwa neno, mpaka pale msichana wa kitabuni anaposema kwamba tangu siku ile alijua baba yake hana moyo.

Siku ile mimi nilikuwapo. Tulikuwa tumetoka kumzika mdogo wake binti yetu, kitinda mimba wangu. Nilijifungia chumbani nikalia kilio ambacho sikujua kama ninacho. Binti yetu, naye bado mtoto, alikuwa sebuleni na mwanasesere wake. Baba yake aliingia akanitazama, akatoka, akaurudishia mlango polepole. Kisha nikasikia nyundo. Nilipochungulia dirishani nilimwona. Kiatu hakikuwapo. Alikuwa anagonga ubao mtupu kwa nguvu zake zote, ili mtoto asinisikie. Nikinyamaza, anapumzika. Nikianza, naye anaanza.

“Nitamwambia,” nikasema, nikakifunga kitabu.

“Humwambii.”

“Mzee, anakutangaza kwa watu kwamba huna moyo!”

“Watu gani wanaonijua? Wao wananunua, yeye anakula. Ndiyo kwanza nyundo yangu inamlisha mtu akashiba.” Akacheka peke yake, halafu akaacha. “Maadamu niko hai, usimwambie. Ataanza kunionea huruma, na huruma ya mtoto mimi siiwezi.”

Jumapili binti yetu akaja. Alisimama mlangoni kwanza, kama mgeni.

“Mmemaliza, Baba?”

“Tumemaliza.”

“Na yule fundi?” Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Umempatia. Mpaka mlio nimeusikia.”

Binti akainama kumtengenezea shuka lililokuwa limeshatengenezwa. Mkono wake ulikawia begani mwa baba yake.

Mzee tulimzika mwaka huohuo. Nilimwambia binti yangu habari ya nyundo tukiwa tunakunja nguo za baba yake za kugawa, mimi na yeye tu. Aliliacha shati limekunjwa nusu, mikono ikining’inia. Hakulia.

“Mama, ulikuwa unalia kwa sauti kubwa?”

“Kubwa sana, mwanangu.”

“Mimi sikusikia kitu.”

“Najua.”

Tangu hapo hajaandika. Huja Jumapili, akanitekea maji, akaosha vyombo hata vilivyo safi. Wachapishaji wake humpigia simu; huiacha iite mpaka ichoke. Nami simwulizi chochote. Namimina chai vikombe viwili, nakaa karibu yake, na kikombe chake kikipoa, nambadilishia.