Gari la Baba Lea

Lea alikuwa na sharti moja tu kwenye harusi yake: afike kanisani kwa gari la marehemu baba yake. Hakutaka la kukodi. Alitaka lile lile jekundu, kuukuu, ambalo ndani yake mume wangu alinifundisha udereva na matusi ya barabarani.

Likazima mtaani Ilomba, kilomita moja kabla ya kanisa. Nyuma yetu pikapu ya matarumbeta ilizidi kupiga, maana bendi ya harusi ikishaanza hainyamazi. Ilikuwa saa saba, na saa nane mchungaji alikuwa na ndoa nyingine.

Wifi yangu Verediana, ambaye hajawahi kulipenda gari lile, akafungua mlango wa gari lake jipya. "Lea, ingia huku. Hicho chuma kimekwisha."

Lea akanitazama, wanja umeanza kuchuruzika kwa machozi. Roho iliniuma.

Lugano, fundi jirani yetu aliyekuwa dereva siku hiyo, akafungua boneti. Akagusa betri, akachomoa plagi moja. "Moto upo, Mama Lea. Labda mafuta hayafiki."

"Labda ndiyo nini? Sikiliza pampu."

"Nitaisikiaje na matarumbeta haya?"

Hapo hasira zikanipanda. Miaka ishirini nimekalia gari lile. Ukifungua swichi tu, kabla ya kupiga stata, pampu huvuma kidogo chini ya kiti cha nyuma. Nikapanda pikapu na gauni langu la kitenge, nikaziba tarumbeta la kwanza kwa kiganja.

"Mama, bendi ikinyamaza njiani watu watasema bwana harusi kakimbia," akasema Ezron, mpiga ngoma kubwa.

"Acha waseme."

Wakanyamaza. Nikarudi garini, nikalaza sikio kwenye kiti cha nyuma, juu ya shela ya mwanangu. Lugano akafungua swichi. Kimya.

"Fyuzi?"

"Nzima."

"Basi pampu imeganda. Igongwe."

Lugano akaokota jiwe, nikamkataza. Pampu imo ndani ya tanki la mafuta, na tanki lile lina kutu, lingetoboka. Nikamtazama Ezron na kirungu chake cha ngoma, chenye kichwa cha kitambaa. Hakubisha. Akalala chini ya gari na sare yake nyeupe, akagonga tanki taratibu, kwa mapigo ya harusi, kwani mengine hayajui.

Mvumo ukaja. Nilipiga kigelegele kichwa kikiwa bado kwenye kiti. Lugano akapiga stata, gari likawaka.

"Sasa lisizimwe," akasema. "Likizimwa, sidhani kama pampu itaamka tena."

Tulimkuta mchungaji amesimama mlangoni. "Mama Lea, zimeni gari tuanze."

"Halizimwi, mchungaji."

Akamtazama Lea, kisha akalitazama gari. Ni yeye aliyemzika mume wangu, mwenye gari lile. Akaagiza milango ya kanisa iachwe wazi, na binti yangu akafunga ndoa huku baba yake akiunguruma nje.