Kofia ya Wakili Shafii

Shafii bin Hadji alikuwa mwizi na mroho, na sura yake ilifanana na samaki sangala aliyeanikwa vibaya. Naanza hivyo makusudi, ili msomaji ajue mapema kwamba anayesema ni mtani wa Shafii. Babu yangu Mmanyema na babu yake Mnyamwezi walikuwa wapagazi katika msafara mmoja, na njaa ilipowabana njiani waligawana muhogo mmoja mbichi. Tangu hapo nyumba zetu mbili zinatukanana. Mtani ana ruhusa ya kukupora kitu hadharani, kumla kuku wako, kukusingizia lolote litakalomjia mdomoni, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukitaka chako, unakikomboa kwa kumpa anachotaka. Jambo moja tu ni mwiko kwetu: mtani haambiwi asante. Ukimshukuru, umemfanya mgeni.

Mimi ni Asmani, mkamua mawese wa Rumonge, na mikono yangu haijawahi kutakata. Shafii yeye alikuwa msafi kupita kiasi. Wajerumani, tuliowaita Wadachi, walimweka kuwa wakili wa serikali katika baraza letu. Mtu akikwepa kodi, akisogeza mpaka wa shamba, akipiga mwenzake sokoni, Shafii ndiye aliyesimama upande wa serikali na kumshtaki. Lakini shauri likiwa bovu, likiwa limepikwa na jumbe mwenye chuki zake, alisimama vilevile, akasema, "Serikali haina kesi," akaketi. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyofanya watu wampende. Mimi nilikuwa nampenda tangu tunaogelea uchi, ila hilo sikumwambia.

Wakati huo malale yalikuwa yanatumaliza. Mtu alianza kusinzia juu ya chakula, akakonda, akazikwa. Kule Gatete nyumba zilibaki na mbuzi tu. Wadachi walisema mbung'o wa vichakani ndio wanaoleta ugonjwa, na habari ikaenea kwamba serikali inataka kuwaondoa watu wote wa mwambao na kuwapeleka milimani. Watu wa ziwa milimani! Michikichi yetu tungeibeba mgongoni? Mitumbwi tungeipiga makasia kwenye majani?

Ndipo ikaja amri kutoka Usumbura. Kutakuwa na Baraza Kuu la kuweka sheria za nchi nzima, tangu Rusizi mpaka Malagarasi, na kila mji wa mwambao utapeleka mtu mmoja wa kukaa na wazungu na kusema. Rumonge hatukujadili sana. Tulimtaja Shafii, wake kwa waume. Hatukuwa na mdomo mwingine.

Siku ya kumtangaza, Bwana Mkubwa alikuja mwenyewe. Tulimwita Bwana Miwani. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mgeni, na alisikia Kiswahili kama mtu anayehesabu mawe. Shafii alisimama mbele yake na kanzu iliyopigwa pasi na kofia nyeupe aliyoishona mkewe, jina lake Sikujua. Wanawake wakapiga vigelegele.

Sasa kwetu, mtu akipandishwa, mtani wake lazima amshushe kidogo, asije akavimba kichwa, na jicho baya lisimpate. Hiyo ndiyo kazi yangu, na naijua. Nikapenya katikati ya watu, nikamvua kofia kichwani, nikaivaa mimi na mafuta yangu.

"Batu ya Rumonge, munatuma huyu?" nikapaza sauti. "Huyu iko mwizi! Mbuzi ya kodi, nani alikula? Ni yeye! Babu yake aliuzwa ku Ujiji kwa pakacha ya chumvi, mununuzi akamurudisha, akasema huyu iko na kasoro!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Sikujua mwenyewe, mkewe, alicheka kuliko wote. Shafii alikuwa anavuta pumzi anijibu, na najua angenijibu vibaya sana, lakini Bwana Miwani alikuwa ameshasimama.

"Kimya! Mbuzi wa kodi?"

Vicheko vikakatika. Shaushi Maneno, mkubwa wa askari, akaamriwa anishike, akanishika shingoni.

Shafii akaeleza. Akaeleza vizuri, kwa adabu, habari za utani, za babu zetu na ule muhogo. Bwana Miwani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Desturi si ushahidi," akasema. "Mtu huyu amekushtaki mbele ya watu wote, na amempora mtumishi wa serikali kofia yake. Kama amesema uongo, wewe ni wakili wa serikali: umshtaki sasa hivi, apigwe hamsa ishirini. Kama humshtaki, basi amesema kweli, na mwizi haendi Usumbura. Rumonge itakaa bila mtu."

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na vitano. Nimewaona watu waliovipata. Wengine hawakulala chali tena mpaka mvua zikapita.

Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Mgongo wangu ni mmoja, na mwambao una watu wangapi? Nikamkonyeza Shafii. Hakunitazama. Nikamwambia kwa sauti, "Nishitaki, mujinga weye! Unangoja nini? Mugongo ni yangu!"

Alinitazama basi. Akajipapasa kichwa kitupu, akamgeukia Bwana Miwani.

"Serikali haina kesi," akasema, akaketi.

Nilimtukana wakati ule matusi ambayo si ya utani. Nilimwita mpumbavu, nikamwambia amewaua watoto wetu kwa ajili ya ngozi ya mkamua mawese, na nilikuwa namaanisha kila neno. Hakuna aliyecheka. Nyuma, mwanamke mmoja alianza kulia kama aliyefiwa. Bwana Miwani alivaa kofia yake ngumu, tayari kuondoka.

Hapo nikasikia mkono ulioshika shingo yangu unatetemeka. Nikadhani Shaushi Maneno amepandwa na homa. Kumbe anacheka. Alijizuia mpaka machozi yakamtoka, kisha akapiga saluti kwa mkono wa pili.

"Bwana, ruhusa. Mupishi wako ananiita nini kila asubuyi?"

Bwana Miwani akafikiri. "Mla panya," akasema.

"Na mimi namuita nini?"

"Mchawi. Na jana ulisema amemuuza dada yake."

"Hana dada, Bwana. Na mbona haujamupiga yeye? Haujanipiga mimi?"

"Nilidhani mnachukiana. Nilitaka kukuhamisha."

"Mutoto wangu alipokufa, yeye ndiye aliingia mu kaburi kumupokea," akasema Shaushi Maneno, na sasa hakuwa anacheka. "Ni mutani wangu. Hawa vilevile."

Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akamwuliza Shafii kwa nini hakumshtaki mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa anaomba kushtakiwa. Shafii akamjibu kwamba wakili anayeweza kumchapisha viboko mtu asiye na kosa ili apate kiti, huko kwenye kiti atafanya mengine mabaya zaidi. Alisema polepole tu, kama anayejadili bei ya ndagala sokoni.

"Utakwenda Usumbura," akasema Bwana Miwani. Akanielekezea kidole. "Na wewe, rudisha kofia."

"Haiwezekani, Bwana," nikasema. "Lazima aikomboe."

"Kwa kitu gani?"

Nikamtazama yule mwizi. "Arudi na sheria yenye kutuacha hapa. Kabla ya hapo, hapati."

Basi Shafii bin Hadji aliingia katika Baraza Kuu kichwa wazi, miongoni mwa vilemba na kofia za watu wenye heshima zao. Angeweza kununua nyingine Usumbura. Kofia ziko tele. Hakununua. Kila aliyemwuliza kulikoni, alimwambia iko rehani kwa mtani wake, na bei ya kuikomboa ni mwambao wa Rumonge. Walioanza kwa kumcheka waliishia kumsikiliza. Ilipopita sheria ya malale, ilisema vichakani kufyekwe kando ya ziwa lote, na waliofyeka wabaki. Tulifyeka mpaka mikono ikatoka malengelenge. Lakini tulibaki. Michikichi ninayokamua leo ni ileile.

Alirudi, nikampa kofia yake. Ilikuwa imegeuka rangi ya mawese kabisa, na Sikujua alinitukana siku nzima. Shafii aliivaa hivyohivyo, na kila alipoitwa tena Usumbura alikwenda nayo.

Tumemzika mvua hizi zilizopita. Kwetu mtani ndiye anayelala kaburini kwanza na kumzuia maiti asiingie, mpaka amtukane vya kutosha na apewe chake. Nikashuka, nikalala. Udongo ulikuwa baridi. Nikafungua mdomo, na katika matusi yote niliyonayo halikuja hata moja. Lilikuja neno lile lililo mwiko. Nilikuwa nalo kwenye ulimi, nataka kulisema, kwa sababu kila nilalapo chali namkumbuka.

Sikujua aliinama ukingoni na ushungi wake wa msiba.

"Mutukane, Asmani," akasema taratibu. "Anakungojea."

Basi nikasimama.

"Mwizi weye!" nikasema. "Nilikuwa na viboko vyangu, hamsa ishirini, Bwana Mkubwa alinipa mimi, mbele ya batu yote. Ukaniibia! Ukaenda navyo Usumbura! Mwizi mukubwa weye, haukunirudishia hata kimoja!"

Watu walicheka, juu kule, kama inavyotakiwa. Nikanyoosha mikono yangu yenye mafuta, nikampokea.