Roho Juu

Muuguzi alikuwa akitandika kitanda cha dirishani, mgonjwa mmoja akiita maji, mwingine akimwita mumewe ambaye hakuwapo, pale nyayo zake zilipoachana na sakafu. Hazikwenda mbali. Upana wa kiganja tu.

"Dada, umeondoka chini," mgonjwa wa dirishani alimwambia.

"Naona. Geuka kidogo nichomeke shuka."

Tangu mwenzake astaafu bila kuletwa mwingine, wodi mbili zilikuwa mikononi mwake, na kutwa alishinda roho juu. Sasa mwili nao ulikuwa umeifuata. Msimamizi alipomwona akichukua dawa kwenye rafu ya juu bila kupanda kigoda, aliridhika. "Viatu vyako vitadumu," alisema.

Nyumbani hakutulia. Aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, akafungua mlango ili ahakikishe ameufunga. Mumewe alimfunga kitenge kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa kitanda, wakalala.

Kesho yake jioni, mama mkwe ndiye aliyemshika mkono akamkalisha. "Njoo tuchambue mchele, mwanangu. Na usinijibu 'sijambo'. Nipe yote."

Akampa yote: mzee aliyeita mpaka akanyamaza, yeye akiwa wodi ya pili, namna anavyosikia anaitwa hata akiwa anaoga. Mama mkwe hakumwaga nasaha. Aliokota mawe na kuitikia, "Ehee." Sinia lilipokwisha, muuguzi alihisi ubaridi wa saruji kwenye nyayo. Akalia, kisha akala sahani mbili.

Asubuhi alikwenda kwa miguu yake ofisini kwa msimamizi, kuomba aletewe mwenzake.

"Nimesikia umepona!" msimamizi alisema kwa furaha ya kweli. "Basi na wodi ya watoto ichukue."

Hata hajafika mlangoni kichwa chake kilikuwa kimepita kimo cha mlango; ikabidi ainame ndipo atoke. Kwenye korido alikutana na muuguzi wa chumba cha upasuaji, naye yuko huko huko juu. Wakasalimiana, wakapishana, kila mmoja na mbio zake.

Msimamizi hakuwa mtu wa kupuuza usalama wa wafanyakazi. Alimwita fundi umeme, feni zote za darini zikang'olewa zisije zikawakata. Wodi zikawa tanuri. Wagonjwa walijipepea kwa bahasha za eksirei, na waliotaka maji waliita wakitazama juu.